Sakafu ya jikoni kwa nyumba ya Kibosho: vigae, terazo au saruji?

Mjukuu wa Kibosho

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninawajengea wazazi wangu nyumba huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na kazi imefikia hatua ya kumalizia: bati limeshapigwa, plasta ya kuta imekauka, na jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa kitambo, ila juu yake bado hatujaweka chochote. Sebule na vyumba vya kulala havinipi shida. Kinachonisumbua ni jiko, kwa sababu fundi wangu anashauri tununue vigae vya aina moja vinavyong'aa, vya sentimita 60 kwa 60, tuvitandaze kuanzia sebuleni hadi jikoni ili nyumba yote ionekane kama uwanja mmoja, nami moyo wangu unasita.

Naomba nieleze jiko hilo litatumikaje, maana nadhani ushauri mzuri hautapatikana bila kulijua hilo. Mama yangu amevuka miaka 70, anatembea na kandambili siku nzima, na hakuna siku inayopita bila ndizi za kumenya, ziwe za mtori au za machalari. Utomvu wake mnaufahamu. Gesi ipo, lakini maharage na makande hakubali kuyachemsha kwa gesi hata umweleze vipi, kwa hiyo mvua za masika zikianza, jiko la mkaa nalo litaingizwa ndani. Kinu kipo na kinatumika. Tena mlango wa nyuma unatazama kihamba, yaani shamba letu la migomba, na kila anayetoka huko anaingia na udongo mwekundu miguuni.

Chumba chenyewe kina upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 4.2. Nimefikiria vigae visivyoteleza, terazo, yaani chenga za mawe zilizoshikwa kwa saruji na kusagwa, kama ile ya shule na hospitali za zamani, saruji iliyopigwa niru, yaani kulainishwa juu kwa saruji, na kutiwa rangi nyekundu kama ilivyokuwa kwa babu, na hata kapeti la plastiki. Ninataka sakafu ambayo mama hatateleza, ambayo madoa yatatoka kwa maji na sabuni, na ambayo sitalazimika kuibomoa baada ya muda mfupi. Bei ninaizingatia, lakini usalama wa mama unatangulia. Aliyewahi kuishi na mojawapo ya sakafu hizi, au anayezitengeneza, naomba anisaidie.

Fundi wa Sakina

Ndugu Mjukuu wa Kibosho, nashukuru kwa maelezo yaliyokamilika, na naomba umfikishie mama shikamoo yangu. Kazi yangu ni kutandaza vigae hapa Arusha, na nakuambia wazi kwamba moyo wako unasita kwa haki. Kigae kinachong'aa hupendeza kikiwa kikavu chini ya taa za duka, lakini jikoni hakuna saa ambayo sakafu ni kavu kabisa. Tone la mafuta likikutana na maji juu ya uso laini kama ule, kandambili haina pa kushika, na mtu wa umri wa mama akianguka kwenye sakafu ngumu anaweza kuvunjika nyonga. Sebuleni kiweke ukipenda. Jikoni kiondoe kwenye hesabu kabla hujazungumza rangi wala bei.

Vigae navyo havilingani, ingawa vikipangwa dukani vinafanana. Kile cha ukutani kina mwili wenye vinyweleo, ambao kwa kawaida hunyonya maji kupita asilimia 10 ya uzito wake, na hakikutengenezwa kwa ajili ya kukanyagwa. Hata hivyo wapo wanaokinunua kwa ajili ya sakafu kwa sababu ya bei yake. Kigae cha poseleni hunyonya asilimia 0.5 au pungufu ya hapo, ndiyo maana mchuzi na utomvu hubaki juu ukasubiri kufutwa, na mwili wake mgumu unastahimili kishindo zaidi. Lakini hata poseleni, ikisuguliwa kiwandani mpaka ing'ae, hufunguka matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na matundu hayo hushika madoa yasipozibwa kwa dawa yake. Kwa jiko lako ninapendekeza poseleni ya uso mkavu, usiong'aa.

Kwenye boksi tafuta alama mbili. Moja ni PEI, inayofuatwa na namba kuanzia 1 hadi 5, nayo inaeleza jinsi rangi ya juu ya kigae inavyohimili kusuguliwa. Kwa mlango unaopokea udongo wa kihamba, ambao una chembe za mchanga zinazokwaruza kila zinapokanyagwa, mimi ningechukua 4. Nyingine ni herufi R yenye namba kuanzia 9 hadi 13, inayoeleza utelezi. Namba hiyo hupatikana kwa kumtembeza mtu juu ya uso wa vigae uliopakwa mafuta, huku uso huo ukiinamishwa kidogo kidogo mpaka aanze kuteleza. R9 huanzia kwenye mwinamo wa nyuzi 6 tu, R10 inaanza baada ya nyuzi 10, na R11 baada ya nyuzi 19. Kwa mama usishuke chini ya R10, na ukipata R11 ni bora zaidi. Usivutwe kwenda juu ya hapo, kwa sababu vigae vya R12 na R13 vina uso wa mikwaruzo mikubwa unaofaa machinjioni na viwandani, na uchafu ukiingia kwenye mikwaruzo ile hautoki kwa tambara. Mtakuwa mnapiga brashi kila siku.

Maboksi mengi hayana alama hizo. Ikiwa hivyo, omba kigae kimoja, kiweke juu ya gunia lililoloweshwa ili kisihame, mwagia maji yenye matone machache ya mafuta ya kupikia, vaa kandambili za aina anayovaa mama, kisha kanyaga na usukume mguu mbele kwa nguvu. Mwenye duka mwelewa hatakukatalia, na jaribio hilo litakuonyesha tofauti ambayo maneno ya muuzaji hayawezi kuionyesha. Si lazima uende kwenye vigae vya kutoka nje. Vinavyotengenezwa Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, vinafika Moshi na Arusha, na faida yake ni kwamba ukipungukiwa ni rahisi zaidi kupata vya kufanana navyo.

Ukubwa nao una maana. Vigae vya sentimita 30 au 40 vina viungio vingi zaidi kuliko vya 60, na viungio hivyo huusaidia unyayo kushika, ingawa pia ni mahali ambapo uchafu hupenda kukaa. Kwa hiyo grauti, yaani uji wa kujazia viungio, iwe ya kijivu kilichoiva, si nyeupe, maana nyeupe ya jikoni haimalizi msimu mmoja wa mvua. Ukimudu grauti ya epoksi, isiyo na saruji, itie japo eneo la sinki na mahali ambapo ndizi zitamenywa. Utomvu wa ndizi huingia bila rangi, ukakutana na hewa ukageuka kahawia iliyoiva hadi nyeusi, na ukishaingia kwenye grauti ya saruji hautoki kwa sabuni.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ndilo linaloamua kama vigae vitadumu: kilicho chini yake. Mafundi wengi huweka madonge matano ya udongo wa saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, wakakibandika kigae na kukigonga mpaka pima maji ikubali. Kwa macho kazi imekamilika, lakini kati ya madonge kuna uwazi, na siku mchi ukiteleza kutoka kwenye kinu, au mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwekwa chini kwa kishindo, kigae hupasuka palepale palipo na uwazi. Isitoshe, poseleni hainywi maji, kwa hiyo uji wa saruji peke yake hauishiki vizuri jinsi unavyoshika vigae vya kawaida vya seramiki. Dai gundi ya vigae. Fundi aitandaze kwenye sakafu kwa mwiko wa meno, apake nyingine nyembamba mgongoni mwa kigae, akibandike na kukisukuma kidogo kukatisha mistari ya meno ya mwiko. Halafu umwombe akinyanyue kimoja kabla gundi haijashika, uangalie mgongoni: gundi iwe imeenea kote mpaka pembeni. Ukiona mistari imesimama vilevile kama ilivyochorwa, mwambie aongeze. Siku inayofuata pitia vigae vyote ukivigonga kwa mpini wa nyundo, na kila kinachotoa sauti ya uwazi king'olewe kabla ya grauti.

Aache pia nafasi ya milimita 3 kati ya kigae na kigae, na ya milimita 5 hivi kuzunguka ukuta, ambayo itafichwa na sketi, yaani vipande vya kigae vinavyobandikwa chini ya ukuta. Vigae vilivyobanana bila nafasi hutanuka vikakosa pa kwenda, ndipo unapokuta sakafu nzima imenyanyuka katikati ya chumba.

Kuhusu mbao sisemi mengi. Mninga na mtiki ni mbao nzuri, lakini jiko lenye maji na matope si mahali pake, na zile mbao za kubandika zenye unga wa mbao ndani huvimba zikipata maji na hazirudi tena.

Mpishi wa Majengo

Nami nawasalimu kutoka Moshi mjini. Ninapika kwa ajili ya shughuli, harusi na misiba, na jiko langu lina sakafu ya terazo ambayo niliikuta katika nyumba hii, imetengenezwa miaka mingi kabla sijaingia. Ninaheshimu sana maelezo ya fundi, lakini naona terazo haijapewa nafasi yake, na kwa jiko kama alilolieleza ndugu yetu ni chaguo linalostahili kufikiriwa kwa makini.

Terazo haina viungio vya kila baada ya sentimita 40. Ina mistari michache tu ya kugawanya uso, kati ya mstari na mstari mita moja au zaidi kidogo, na kwingine kote ni uso mmoja. Mafuta yakimwagika hayana ufa wa kujifichia. Kwenye ukuta fundi aliyeijenga aliipandisha kwa mviringo, hakuna pembe kali, kwa hiyo fagio na tambara vinafika kila mahali. Anayesafisha jiko kila jioni ndiye anayejua thamani ya kona isiyo na pembe. Mchanganyiko wa chenga nyeusi, nyeupe na za rangi ya udongo unaficha vumbi jekundu ambalo kwenye sakafu ya rangi moja lingeonekana kila baada ya saa. Tena ikichakaa haibomolewi: huletwa mashine ikasagwa upya, ukapata uso mpya kutoka kwenye sakafu ileile.

Ina masharti yake, nayo ni haki ayajue. Chenga nyingi za terazo ni za marumaru, na marumaru pamoja na saruji huliwa na asidi. Ndimu, siki na nyanya iliyokamuliwa zikiachwa juu yake usiku kucha huacha alama isiyong'aa, na alama hiyo si doa la kufutika, ni uso wenyewe umelika. Mama akizoea kufuta mara moja hakutakuwa na tatizo. Kwa sababu hiyohiyo usiisafishe kwa dawa kali za kuondolea madoa ya chooni. Na kuhusu utelezi, terazo iliyosagwa hadi kung'aa kama kioo, kisha ikapakwa nta, inateleza vibaya. Mwambie fundi aishie kwenye msasa wa wastani, uso ubaki laini bila mng'ao, na asitie nta. Apake dawa ya kuziba vinyweleo inayozama ndani.

Jambo moja zaidi ambalo litakuathiri mapema. Terazo lazima isagwe kabla ya makabati kuingia, kwa sababu kazi ile inatumia maji mengi na uji wa kijivu huruka hadi kiunoni kwenye kuta. Uji huo usimwagwe kwenye bomba la maji machafu hata kidogo, maana ni saruji. Ukituama humo utaganda na utavunja sakafu mpya kutafuta palipoziba. Uchimbiwe shimo nje.

Mpangaji wa Ngarenaro

Nitazungumzia kapeti la plastiki peke yake, kwa sababu ndilo lililo jikoni kwangu. Kwa nyumba ya kupanga linafaa: ni nafuu, unalitandika mwenyewe, halina baridi ya vigae asubuhi za Juni na Julai, na ukihama unalikunja. Lakini kaa moja likidondoka kutoka kwenye jiko la mkaa linayeyusha tundu kabla hujainama kuliokota, na sufuria ya moto ikiwekwa chini inaacha duara la kudumu. Maji yakipita ukingoni yanabaki chini yake, na baada ya muda utanusa ukungu. Kwa alivyoeleza ndugu yetu, penye mkaa, kinu na matope, nisingelipendekeza.

Mjukuu wa Kibosho

Nawashukuru wote kwa moyo. Kapeti nimeliondoa, na vigae vinavyong'aa nimemweleza fundi wangu kwamba vitaishia mlango wa sebule. Nimebaki kati ya poseleni isiyong'aa na terazo, na nina maswali matatu. La kwanza, nitajuaje kama jamvi langu linapitisha unyevu, maana sikuwepo siku lilipomwagwa na sina hakika kama liliwekewa nailoni chini? La pili, mafundi wa terazo ninaowasikia ni wachache, na mmoja aliyekuja kuangalia alisema angeweza kuimwaga na kuisaga ndani ya siku tatu, je, inawezekana? La tatu, nikichagua vigae, ninunue vingapi?

Vilevile nimezungumza na mama kuhusu mkaa, naye amekubali tumjengee banda la jiko la nje kwenye ua wa nyuma, lenye paa na ukuta wa upande mmoja, ili kinu na mkaa vikae huko hata wakati wa mvua. Sakafu ya huko nayo naomba mnishauri.

Mpishi wa Majengo

Hilo la jiko la nje ni jema kuliko yote uliyoyaandika, na mpongeze mama. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na sakafu nzuri haisaidii kitu juu ya hilo.

Kuhusu siku tatu, mkatalie. Terazo ikishamwagwa na kushindiliwa kwa roli inahitaji kunyeshewa maji na kufunikwa kwa muda wa wiki moja hivi ndipo saruji iwe na nguvu ya kuzishika chenga. Mashine ikipita mapema, inazing'oa chenga badala ya kuzikata, na unabaki na mashimo. Baada ya kusaga mara ya kwanza, matundu madogo huzibwa kwa uji wa saruji wa rangi ileile, unaachwa ushike, ndipo msago wa pili mwororo unapofuata. Anayekuahidi siku tatu atakuwa ameruka mojawapo ya hatua hizo. Muulize akuonyeshe jengo alilolifanya na ambalo limeshatumika kwa misimu kadhaa. Nenda ukaliangalie hasa mlangoni na chini ya sinki.

Fundi wa Sakina

Ninakubaliana na Mpishi wa Majengo kuhusu terazo kwa kila alichokieleza, na kama ungekuwa na fundi wa kuaminika karibu yako nisingebishana naye hata kidogo. Wasiwasi wangu ni matengenezo. Kigae kikivunjika kinang'olewa kimoja na kurudishiwa kingine. Terazo ikipasuka kwa sababu jamvi limecheza, kiraka hakitafanana na sakafu ya zamani, kwa kuwa chenga na saruji za leo si zile za siku ile. Kwa hiyo uamuzi, kwa maoni yangu, unategemea jamvi na fundi kuliko unavyotegemea ladha.

Anza na jamvi. Lifagie, kisha chukua kipande cha nailoni nzito cha ukubwa wa hatua moja kila upande, kilaze sakafuni na uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi usiopitisha hewa. Kiache usiku na mchana. Ukikifunua ukakuta matone chini yake, au zege limebadilika rangi likawa jeusi zaidi kuliko la jirani, unyevu unapanda kutoka ardhini. Fanya hivyo sehemu tatu tofauti, mojawapo karibu na ukuta wa upande wa mlima, kwa sababu kwenye mteremko maji ya mvua hushuka ardhini yakasukuma kutoka upande huo. Poseleni na terazo zinavumilia unyevu kuliko plastiki na mbao, lakini unyevu mwingi utaleta chumvi nyeupe kwenye viungio na kupandisha ukungu kwenye plasta. Dawa ya kwanza iko nje: chimba mfereji upande wa juu wa nyumba uyapeleke maji pembeni, na hakikisha ardhi inainama kutoka ukutani. Wengi hununua dawa za kupaka ndani ilhali mfereji haupo.

Halafu angalia nyufa. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa juu juu, ni za kukauka haraka na hazina madhara makubwa. Ufa unaoingiza ncha ya kisu, unaovuka chumba, na hasa ambao upande mmoja uko juu kuliko mwingine, ni dalili kwamba kifusi chini yake hakikushindiliwa. Huo usiufunike kwa kitu chochote mpaka sehemu hiyo ivunjwe na kushindiliwa upya. Ardhi ya Kibosho kwa jumla ni afadhali. Nyumba za tambarare za chini, kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ndizo zenye taabu hiyo zaidi.

Hesabu ya vigae ni hii. Mita 3.6 mara 4.2 ni mita za mraba 15.12. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, unapata 16.63. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinafunika mita za mraba 0.16, kwa hiyo unahitaji vigae 104. Fundi akitaka kuvilaza kimshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10, ingawa katika jiko lenye makabati kila upande sioni faida ya kufanya hivyo. Wapo watakaokwambia upunguze eneo la chini ya makabati ili kuokoa fedha. Usipunguze. Bomba la sinki huvuja siku moja, na maji yakikuta zege tupu chini ya kabati yatalowesha mbao kwa wiki nyingi kabla hujaona kitu; yakikuta kigae yatatoka nje uyaone siku hiyohiyo.

Unapochukua mzigo, soma namba ya toleo na namba ya kivuli cha rangi kwenye kila boksi, zote ziwe sawa, kwa kuwa vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana rangi, na tofauti hiyo utaiona vikishabandikwa. Nunua boksi moja la ziada.

Kwa banda la nje usitumie kigae. Mwaga zege la milimita 100 juu ya mawe yaliyoshindiliwa, lichore kwa ufagio mgumu likiwa bado bichi ili uso uwe na mikwaruzo ya kushika mguu, lipe mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea uani, na ulinyweshe maji kwa siku saba. Hapo kinu kitapigwa na kaa litadondoka bila madhara makubwa. Niru nyekundu ya babu ilikuwa nzuri kwa sababu ilipakwa nta na kusuguliwa mara kwa mara. Bila uangalizi huo hushika mafuta, na ikilowa inateleza karibu kama kigae kinachong'aa. Mafundi wa siku hizi pia hunyunyiza saruji kavu juu ya zege lenye maji ili niru ing'ae haraka, na ganda hilo huanza kubanduka vumbi baada ya muda.

Mjukuu wa Kibosho

Nimefanya jaribio la nailoni sehemu tatu. Mbili zilikuwa kavu, ya upande wa mlima ilikuwa na matone machache. Nimeshaagiza mfereji uchimbwe. Nyufa zilizopo ni za unywele tu. Kwa kuwa sijampata fundi wa terazo anayekubali kunionyesha kazi yake ya zamani, nimeamua kuchukua poseleni isiyong'aa ya 40 kwa 40, rangi ya kijivu yenye madoadoa. Swali la mwisho: sebule itakuwa na vigae vinavyong'aa vya 60 kwa 60. Je, sakafu hizo mbili zikutane vipi mlangoni?

Fundi wa Sakina

Zikutane chini ya ubao wa mlango, yaani mlango ukifungwa, aliye sebuleni aone vigae vya sebule peke yake na aliye jikoni aone vya jikoni peke yake. Vigae vya 60 mara nyingi ni vinene kidogo, kwa hiyo kabla ya gundi fundi apange kimoja cha kila aina bila kubandika, apime, na ajaze tofauti hiyo kwa plasta ya sakafu upande wa jikoni. Usikubali kidaraja cha milimita kadhaa mlangoni, maana kidaraja kidogo kisichoonekana humkwaza mtu mzima kuliko ngazi iliyo wazi. Kama lazima jiko liwe chini kidogo ili maji yasiende sebuleni, tofauti isizidi milimita 3 na ilainishwe kwa mkanda wa alumini ulioinama.

Mkanda huo uwekwe wakati vigae vinabandikwa, kwa sababu una mguu unaoingia chini ya kigae. Ule unaopigiliwa juu baadaye hulegea, na kandambili hunasa ukingoni mwake. Vigae vikishabandikwa, zuia watu kupita kwa saa 24 kabla ya grauti, na usiruhusu makabati wala mtungi wa gesi kuingia mpaka grauti nayo imekauka kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko wake.

Mpishi wa Majengo

Nami naongeza moja tu kwa ajili ya mama. Anapomenya ndizi atandike gunia au majani yake ya mgomba chini ya kigoda, na apake mafuta ya kupikia kidogo mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza. Utomvu utakaodondoka nje ya hapo ufutwe kabla haujageuka kahawia, kwa tambara lenye mafuta kwanza, kisha maji ya sabuni.

Mjukuu wa Kibosho

Nimepokea yote. Mzigo wa vigae nitauchukua mwenyewe Jumamosi, nikiwa na kandambili za mama kwenye mfuko kwa ajili ya lile jaribio la maji na mafuta, na maboksi yote nitayasoma namba kabla hayajapanda gari.